Tumbo la Koplo

Koplo alitapika palepale, mbele ya miguu ya mgeni, na Leonsi akajua kazi imeharibika.

"Samahani, dada," alisema huku akifukia matapishi kwa mchanga. "Ni leo tu. Si kawaida yake."

Uongo mtupu. Koplo alikuwa mbwa wa miaka kumi na mitatu, jicho moja limeingia ukungu, na tumbo lake halikutunza kitu. Mwingereza msimamizi wa ujenzi wa barabara, aliyemfuga, alikuwa anarudi kwao Jumamosi. Alikwisha kusema wazi: mbwa atakayekosa mtu wa kumchukua hadi siku hiyo atampiga risasi. Wenzake wawili, mbwa vijana, walishapata wenyewe. Huyu mzee, nani amtake? Na Leonsi, mpishi wa nyumba ile, ndiye aliyemlea tangu hajafumbua macho. Kwenda naye haikuwezekana. Alikuwa amepata kazi kwa Zubery, mwenye duka na malori pale mjini Sumbawanga, na ua wa Zubery ulikuwa ua wa Kiislamu, mbwa hapana.

Mgeni alikuwa Bertilla, mjane wa kijiji cha jirani. Hakurudi nyuma. Alichuchumaa, akayatazama matapishi kama mtu anayekagua ulezi kabla ya kununua.

"Usinifiche, kaka. Hutapika mara ngapi?"

"Kila siku," alisema Leonsi. "Akila kitu kigeni, hata kidogo, kinarudi."

"Basi namchukua huyuhuyu."

Leonsi, mtu mzima na mvi zake, aligeukia ukuta akalia.

Watu walicheka. Ah, watu wa huku kwa kucheka hawajambo! Mjane ana njaa yake, kajiongezea mdomo wa pili, tena mdomo wenyewe unarudisha. Wengine hawakucheka. Hao walimpita Bertilla njiani bila salamu, kama walivyokuwa wakifanya tangu watoto wawili wa shemeji yake, Wilibrodi, walipokufa ndani ya mwezi mmoja. Kila asubuhi Bertilla alikaa nje ya mlango na kumlisha Koplo uji mzito wa ulezi kiganjani, mchana kweupe, kila mpita njia aone.

Leonsi akipata nafasi alikwenda kuwajulia hali. Alimkuta Koplo kalazwa juu ya gunia karibu na moto, maana baridi ya Ufipa haina huruma kwa mifupa mizee, na Bertilla anafuta matapishi bila kununa. Alimpenda mwanamke yule kama dada wa tumbo moja. Siku moja akamwambia dukani kuna dawa ya kufunga tumbo, dawa nzuri sana, atamletea.

"Usithubutu!" Bertilla alimkata kauli. "Mwache alivyo."

Leonsi aliona ni haya tu za mtu maskini. Hataki kusaidiwa, alijisemea, lakini atasaidiwa.

Siku ya Idd Zubery alifunga duka, akampa Leonsi ruhusa na mnofu wa mbuzi. Leonsi alikuwa na chupa ya dawa mfukoni tangu juzi yake. Alifika kwa Bertilla asubuhi, hakumkuta. Vizuri. Alikata nyama vipande vipande, akavilowesha kwa dawa, nusu chupa nzima, akamlisha mzee wake. Kisha akakaa chini kungoja.

Koplo alicheua mara moja, akameza, akajilaza. Nusu saa ikapita. Saa nzima. Leonsi akampa maji, nayo yakakaa. Alicheka peke yake kwa furaha. Miezi mitatu dada wa watu anasugua sakafu, jamani, leo apumzike!

Ndipo aliposikia vishindo vya watu. Bertilla alitangulia, kavaa nguo zake za kanisani. Nyuma yake ilikuja nusu ya kijiji, na Wilibrodi na mkewe Josefina, na mzee mmoja kashika kibuyu. Padri, ambaye angewazuia, alikuwa safarini Wampembe.

"Kumbe umekuja, kaka!" Uso wa Bertilla ulikuwa wa mtu anayekwenda harusini. "Vizuri. Kaa ushuhudie."

Yule mzee alimimina mwavi kwenye bakuli. "Serikali imekataza mtu kunywa sumu hii," alisema. "Mbwa haikumtaja. Huyu amekula mkononi mwa Bertilla miezi mitatu, basi anakunywa kwa niaba yake. Akitapika, Bertilla ni safi, na Wilibrodi atamwomba radhi mbele yetu. Akifa nayo tumboni, Bertilla ndiye aliyewala wale watoto. Na hapo mnajua la kufanya."

Leonsi aliibana ile chupa ya dawa mfukoni. Koplo alikunywa, akalamba bakuli mpaka likang'aa.

Watu wakangoja. Bertilla alikuwa wa kwanza kukaa, akanyoosha miguu yake, akamwambia Josefina asogee asije akachafuliwa nguo. Jua likapanda. Miguu ya nyuma ya Koplo ilianza kutetemeka. Alilala ubavu, ulimi nje, mdomo mkavu. Nyuma ya umati wanaume wawili waliinama kuokota mawe.

Bertilla alimtazama mbwa, kisha akainua macho taratibu, akamtafuta Leonsi.

"Wewe ndiye uliyemlea, kaka," alisema. "Mbona leo hatapiki?"