Aliyeshika Orodha

"Rudia hapo," Ludovic alisema. "Hapo pa orodha."

Fébronie alirudia mstari huo wa barua kwa mara ya tatu. Chai aliyotengewa ilikuwa imepoa. "'Aliyekivunja chama si yule aliyetoka ukumbini. Ni yule aliyeshika orodha ya majina. Nimekubali.'"

Chini ya dirisha, watu wa Skärholmen, mtaa wa Stockholm, walikuwa wakitoka kituoni na mifuko yao ya Jumamosi. Ludovic hakuwa ameshuka ngazi za nyumba yake kwa muda mrefu, kwa sababu ya goti, na macho yake yalikuwa yameshindwa na herufi ndogo. Ndiyo maana alisomewa.

Mtu wa kupita angedhani ni ugomvi wa Wamarekani. Ludovic na Évariste, mume wa Fébronie, walifundisha historia katika shule moja huko Bujumbura, na hawakuchoka kubishana juu ya chama kimoja cha Marekani mwaka 1912. Rais alitaka kuendelea, na rafiki yake aliyemwachia kiti alitaka kukirudia. Fahali wawili, zizi moja. Watu wa rais ndio walioshika orodha ya wajumbe, wakawanyima viti wajumbe wengi wa yule rafiki. Rafiki akajitoa, akaunda chama chake, na uchaguzi akaushinda mtu wa tatu. Sasa nani alikivunja chama? Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, wakicheka.

Kisha vita vikawakimbiza, wakakutana tena Stockholm, wakaanzisha tawi la uhamishoni la chama chao. Évariste akawa katibu, na orodha akaishika yeye. Mwaka 2003, asubuhi ya kuchagua wajumbe wa kwenda Brussels, majina kumi na moja ya watu wa Ludovic hayakuonekana kwenye orodha. Ludovic alitoka katika ukumbi wa mkutano, mtaa wa Rinkeby, na watu wake, asirudi tena. Walimu wawili wazima wa historia, na hakuna aliyejifunza kitu.

Tangu siku hiyo mrengo wa Rinkeby, wa Évariste, na mrengo wa Skärholmen, wa Ludovic, hawakusali pamoja, hawakualikana harusini, hawakuzikana. Habari za upande mmoja hazikuvuka kwenda wa pili. Chama chenyewe kilishakufa huko nyumbani. Wao waliendelea kununiana kwa niaba yake. Fébronie alikuwa amechoshwa na jambo hili kuliko alivyochoshwa na kupiga deki ofisi za Kista.

Alishawahi kuja hapa kuomba amani, mikono mitupu. Ludovic alimpokea vizuri, akamkatalia vizuri.

"Mama Annick, wewe nakuheshimu," alimwambia siku ile. "Lakini aseme yeye mwenyewe. Wale Wamarekani walikuja kushikana mikono hotelini, mbele za watu, wazima wote wawili. Mambo ya kulia kaburini mimi sitaki. Kaburini kila mtu ana roho nzuri, hata mimi."

Sasa barua ilikuwa imekuja, yenye jina la Évariste. Ludovic aliichukua, akaisogeza karibu na pua, akaipapasa.

"Mbona si mwandiko wake? Imepigwa chapa."

"Mkono haumtii tena, Baba Roméo."

"Eh! Mimi goti, yeye mkono." Alicheka kidogo. Kisha akalia, waziwazi, bila kujifunika uso. Fébronie naye akalia.

"Miaka saba," Ludovic alisema alipotulia. "Miaka saba, kwa neno dogo hivi. Bon. Nipe kalamu."

Fébronie alitaka kumwandikia, akakataa. Aliandika mwenyewe kwa herufi kubwa kubwa, mistari ikipanda na kushuka, akiyasema maneno moja moja: "Mwenzangu Évariste. Nimekusamehe kabisa. Na mimi nilitoka mapema mno." Akatia sahihi, akaikunja karatasi, akampa kwa mikono miwili.

"Mwanangu Roméo akipata gari kesho atanileta. Mwambie anisubiri."

"Atakusubiri," Fébronie alisema. Alivaa koti haraka, kwa sababu alijua akikaa dakika moja zaidi atasema jambo jingine.

Alipanda treni ya laini nyekundu, akabadilisha katika kituo cha T-Centralen, akachukua ya bluu. Kiti mbele yake kilikuwa wazi, naye alibaki amesimama njia nzima, mkono ndani ya mfuko, vidole juu ya barua. Aliona haya, na aliona nafuu, na hakujua kipi kilikuwa kikubwa.

Rinkeby, viatu vya wageni vilikuwa vimejaa mlangoni mwake. Annick, binti yake, alimpokea koti.

"Mama, watu wanakungoja wewe tu."

Fébronie aliingia sebuleni, akakaa kwenye kiti alichowekewa mbele. Padri alisimama, akawashukuru waliofika kuondoa matanga, mwaka mmoja kamili baada ya mazishi, akauliza kama desturi inavyotaka: kuna yeyote ambaye bado ana kinyongo na marehemu?

Fébronie aliinuka, kwa vidole vile vile vilivyopiga chapa barua ya kwanza akaikunjua barua ya Ludovic, akaiegemeza kwenye picha ya Évariste.