Hatua Thelathini na Moja

Miezi sita baada ya kupasuliwa uti wa mgongo uliokuwa ukibana mishipa ya kiunoni, Bi Nambua alipimwa kutembea kwenye korido ya hospitali. Alipofika hatua ya thelathini na moja miguu ilikufa ganzi, akashika ukuta.

"Andika hatua mia tatu," daktari aliyempasua alimwambia muuguzi, huku akitafuna kashata. "Ripoti yangu inataka waliopona."

Bi Nambua alihisi kinyaa kikimpanda kooni, kana kwamba amemeza mate ya mtu mwingine.

"Nimetembea thelathini na moja, daktari."

"Mama, nenda kapumzike."

Hakwenda. Ganzi ilipopungua aligeuka, akaanza upya, akihesabu kwa sauti. Kwenye benchi, wagonjwa waliokuwa wakisubiri kupasuliwa wakaanza kuhesabu naye.