Mitalawanda ya Mashavu

Mashavu hakuwa na mwalimu, hakuwa na kanga ya pili, hakuwa na ndugu wa kumsemea, wala meno mawili ya mbele. Alikuwa na mitalawanda ya marehemu mama yake, akapanda nayo kwenye ubao wa kushindania ngoma.

Katika mji ule mwamuzi wa ngoma humpa mchezaji mgongo, ili viatu vya mti vijisemee vyenyewe. Maalim Faki alisikiliza macho kayafumba, kidole kikimcheza gotini.

"Huyu ndiye wa kwenda kwa Sultani!" Akageuka. "Lo! Ndiwe wewe, mfua nguo?"

"Ndimi, Maalim. Shikamoo."

Hakuitikia. "Miguu yako tunaichukua, uso baki nao. Mpwa wangu Riziki atacheza mbele, viatu vyake tutavibandika kitambaa chini visilie. Wewe utagonga nyuma ya pazia. Hutaki, rudi kwenye nguo zako."

Riziki akacheka. "Usije ukapiga chafya tu, shoga."

Maalim akamwandikia Sultani barua yenye jina la Riziki, akamsogezea Mashavu bahasha. "Lamba gundi wewe. Mimi nina tambuu mdomoni."

Mashavu akailamba, akaibana kwa kiganja. Tarishi akaondoka nayo mbio, ladha ya gundi ikabaki ulimini.