Sauti Kwenye Waya wa Kihesa

Uvumi ule haukunitoka akilini: eti waya mmoja wa simu tunaotumia majirani wote hapa Kihesa una msikilizaji asiye na nyumba.

Mchana niliinua simu nimpigie binti yangu Damari, aliyeko Mbeya. Nikakuta watu wanaongea. Nikasikiliza, kama tulivyozoea.

"Damari mwanangu, toka nje. Nipo barabarani."

Sauti ilikuwa yangu, na kikohozi changu.

"Jamani mama, umefika huku mtaani kwangu Soweto bila kusema!" Damari akacheka.

"Usitoke!" nikapiga kelele. Mkonga wa simu ulilowa sikioni, kama umepuliziwa pumzi.

"Mama, nani huyo anakuigiza?"

"Achana naye," sauti yangu ikamjibu. "Njoo."

Nikasikia mlango wake ukifunguka.

Akina mama, msitaje majina ya watoto kwenye waya ule. Msiongee kwa kirefu. Msimzoeze mtoto kutii sauti ya mtu asiyemwona uso.