Mashine Imezimwa

"Ukisikia mlio, mama, bonyeza kitufe," mpima masikio aliniambia, akinivisha hedifoni.

Miaka thelathini nimefundisha kwaya. Bila masikio mimi ni nani?

Milio ilififia, ikawa myembamba kama uzi, ikakatika. Nikatega sikio kwa woga. Hapakuwa na kitu, lakini mimi nilikuwepo, macho kabisa, nakisikia kile kimya! Moyo ukaniruka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena mpaka ukucha wa kidole gumba ukawa mweupe.

"Mama, mashine nimeshaizima!"

"Najua!" Nilicheka mpaka machozi. "Na bado nasikia!"

"Unasikia nini sasa?"

Nikavua hedifoni, nikamvisha yeye. "Kaa hapa, mwanangu. Shika kitufe."

Akakaa akitabasamu. Kisha tabasamu likafifia, na kidole gumba chake kikaanza kushukia kitufe.