Breki Bado Laini

Mfuniko wa birika uligongagonga jikoni, kungali giza, na sisi bado tulikuwa uani tunahangaika na lori. Mikidadi alikuwa amefunga mipira mipya ya breki. Jua likitoka angepeleka watu Ruangwa, mimi na binti yetu tukiwamo.

"Kanyaga, mke wangu. Ukiachia kabla sijakaza nati, hewa inarudi ndani," alisema kutoka chini ya gurudumu.

Nilikanyaga. Pedeli ilizama kama kidole kwenye ugali. Mara ya nne sasa.

"Mafuta mapya, mipira mipya. Hii breki inataka nini?"

"Labda inataka fundi," nilimtania. Lakini niliufikiria mteremko wa kule mbele, na watu nyuma juu ya magunia.

Baba mkwe alipita tena na gunia la ufuta begani. Haraka nikakunja miguu kitini, nikainamisha kichwa kwa adabu hadi alipopita. Kisha nikakanyaga tena.

"Laini vilevile. Sielewi kabisa," nilimwambia.

Binti yetu, aliyeketi kando yangu, akachungulia chini kwa baba yake.

"Baba, babu akipita mama anaondoa mguu."