Koki Alizofunga Hemedi

Siku tuliyomzika mume wangu Hemedi, hita ya bafuni aliyomfungia mama yake iliharibika. Hakuna fundi aliyeingia nyumbani hadi nilipotoka eda.

Fundi alipomaliza kupachika hita mpya, alizishika zile koki mbili za ukutani. Nyuzi za katani alizozungushia Hemedi ili maji yasivuje zilikuwa bado zimechomoza, zina rangi ya kutu.

"Dada, aliyefunga hizi alikosea. Ya moto kaiweka kulia, ya baridi kushoto. Nizigeuze?"



Mamamkwe alikuwa mlangoni na taulo lake. "Ziache, baba. Aliniunguza wiki nzima, nikamsema, mwisho nikazizoea."

Fundi akacheka kidogo, akakaza nati.

Sasa kila mgeni anayekwenda kuoga tunamwambia kwanza: ya moto ni ya kulia.